Manjano ya ami: mrija ulioziba na kongosho lililokatwa

Msimu wa karafuu ukikaza, Pemba hakuna anayemtazama mwenziwe usoni. Watu hutazama juu kwenye matawi au chini kwenye majamvi. Ndiyo maana ami yangu, mzee wa miaka 61 mwenye shamba lake upande wa Konde, alikaa na macho ya manjano siku kadhaa bila ya mtu kuona. Aliyeona ni binti yake wa mwisho, usiku mmoja wakiwa barazani wanachambua karafuu na kutenga makonyo. "Baba, macho yako yamekuwa kama bizari." Mzee akasema ni vumbi la karafuu, akaendelea kuchambua.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko Unguja, na nimo ndani ya kisa kwa njia mbili: kama mtoto wa ndugu yake, na kama mmoja wa waliochelewesha. Majina ya watu na ya vituo nimeyaacha.

Wiki saba

Tangu usiku ule hadi siku alipopigwa ultrasaundi zilipita wiki saba. Watu wakisikia hivyo husema upesi, "Wakati wamepoteza kwa waganga." Si kweli, au tuseme si kweli yote. Wiki ya kwanza alikwenda duka la dawa, akauziwa vidonge vya taifodi. Wiki ya pili na ya tatu alikunywa kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini) na majani ya kuchemsha, na hayo hayakumzuia kwenda kokote; kombe hunywewa asubuhi na spitali hufunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Wiki ya nne alikwenda kituo cha afya, akapimwa homa ya ini aina ya B, kipimo kikatoka hana. Akaambiwa ini zima, apumzike, anywe glukosi. Akarudi nyumbani na furaha yake, akapumzika wiki tatu. Muda mrefu kuliko wote ulipotelea kwenye kipimo kilichotoka salama.

Na hapo katikati nilipigiwa simu mimi. Niliuliza kama ana homa. Hana. Anatapika? Hatapiki. Tumbo linamuuma? "Halimuumi, linamkera tu." Nikasema basi apimwe homa ya ini, nikarudi kwenye zamu yangu. Sikuuliza analalaje. Ningeuliza, ningeambiwa kwamba halali. Anajikuna usiku kucha, na chini ya mto ameweka gunzi la mahindi la kujikunia mgongo. Sikuuliza rangi ya mkojo wala ya choo. Nimesoma miaka mitatu kuuliza maswali hayo, nikayasahau kwa sababu aliyekuwa upande wa pili wa simu ni ndugu.

Manjano si ugonjwa, ni rangi. Inatokana na bilirubini, taka ya chembe za damu zilizozeeka. Ini huichukua taka hiyo, huitia kwenye nyongo na kuimwaga utumboni. Ikirundikana mwilini, macho hugeuka, na hurundikana kwa njia tatu. Huenda damu inavunjika kwa wingi kuliko ini linavyomudu, kama kwa watoto wenye selimundu. Huenda ini lenyewe limevimba au limechoka kwa virusi, kwa pombe, kwa dawa, au kwa makovu ya miaka mingi. Au ini halina neno kabisa, ila mrija wa kutolea nyongo umeziba.

Njia hii ya tatu ina alama zake. Mkojo huwa kama chai ya rangi iliyokolea, kwa sababu bilirubini inatafuta kutokea kwenye figo. Choo hupauka, kwa sababu rangi ya choo hutokana na nyongo, na nyongo haifiki. Ngozi nayo huwasha, zaidi usiku, na hakuna kipele kinachoonekana. Kwa mtu wa umri wa ami, manjano yanayokuja polepole, bila maumivu, pamoja na kukonda, ni ya kuogopwa kuliko yale yanayokuja na maumivu makali ya ghafla. Maumivu makali mara nyingi ni kijiwe kilichokwama. Ami alikuwa amekonda hadi pete inamvuka kidoleni, nasi sote tukasema ni kazi ya msimu.

Mtu aliyekata mnyororo huu ni tabibu mmoja wa Wete, kijana, aliyemuuliza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza kwa wiki saba. "Choo chako, mzee, kina rangi gani?" Ami akacheka. Choo cha shimo, ndani kiza, nani anatazama? Halafu akakumbuka kwamba wiki iliyopita alilala kwa mwanawe Chake Chake, kwenye choo cha bakuli jeupe. "Kilikuwa kama chokaa iliyoroweshwa. Nikadhani ni uji." Tabibu akamlaza, akamgusa chini ya mbavu za kulia, akakuta kitu cha mviringo, laini, kisichouma, ukubwa wa limau kubwa. Kilikuwa kifuko cha nyongo, kimejaa hadi pomoni. Mwaka 1890 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika kwamba mgonjwa wa manjano akiwa na kifuko kilichojaa namna hii bila maumivu, aghalabu sababu si vijiwe, kwani kifuko kilichokaa na vijiwe miaka mingi hukakamaa na kusinyaa. Zaidi ya karne imepita, na vidole vitatu bado viliona ambacho kipimo cha damu hakikuulizwa.

Ultrasaundi ilipigwa siku hiyo hiyo: mirija ndani ya ini imetanuka, vijiwe hakuna, na kule chini hakuonekani vizuri kwa ajili ya gesi ya tumbo. Barua ya rufaa ikaandikwa. Kesho yake wakashuka Mkoani kuwahi boti.

Tangi halina kosa

Siti skani ilipigwa Unguja, ikaonesha kivimbe cha kiasi cha sentimita 2 pale mrija wa nyongo unapoingilia utumboni. Akapelekwa Dar es Salaam. Kwenye kundi la WhatsApp la familia tayari khabari zilikuwa nyengine: ami anakwenda kukatwa ini. Shangazi mmoja alianza kulia kwa ujumbe wa sauti.

Nilichora picha nyuma ya risiti nikaituma. Juu ya paa kuna tangi: hilo ndilo ini. Kutoka tangini bomba linashuka: mrija wa nyongo. Kabla halijafika jikoni, bomba linapita ndani ya ukuta: ukuta huo ni kichwa cha kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kusaga chakula. Kongosho nalo lina bomba lake, na yote mawili hutokea kwenye mfereji (koki) mmoja katika utumbo wa mwanzo, ule unaopokea chakula kikitoka tumboni. Kivimbe cha ami kimekaa kwenye mfereji. Tangi linafurika, lakini tangi halina kosa.

Shangazi akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule: "Basi si wabadilishe mfereji tu? Ukuta wa nini kuubomoa?"

Jibu ni mishipa ya damu. Kichwa cha kongosho na utumbo wa mwanzo vinakula kwenye sahani moja. Mishipa inayokilisha kimoja ndiyo inayokilisha cha pili. Huwezi kukitoa kimoja ukakiacha mwenziwe kikiwa hai. Na kansa ikishaanza mahali pale, tezi za limfu za jirani lazima zitolewe zikapimwe. Kwa hiyo kivimbe cha sentimita 2 huondoka na kichwa cha kongosho, utumbo wa mwanzo, mwisho wa mrija wa nyongo, kifuko cha nyongo, na mara nyingi kipande cha chini cha tumbo. Operesheni hiyo wengi huiita ya Whipple, kwa jina la Allen Whipple wa New York aliyeielezea mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alikwishaifanya Berlin mwaka 1909. Wote wawili waliifanya kwa awamu mbili. Sababu ni kwamba mgonjwa wa manjano hutoka damu isiyosita, maana vitamini K inahitaji nyongo ili iingie mwilini, na bila ya vitamini hiyo ini halitengenezi vigandisha damu. Vitamini K ilipopatikana kama dawa, mwaka 1940 Whipple akaweza kumaliza kazi yote kwa mara moja. Ami alichomwa sindano yake siku tatu mfululizo. Hakuna aliyemwambia ya nini, nilimwambia mimi.

Lau kazi ingekuwa ya ini, hesabu ingekuwa tofauti. Ini lisilo na ugonjwa linaweza kukatwa hadi karibu asilimia 70, na kilichobaki kikakua tena ndani ya wiki na miezi hadi kukaribia ukubwa wake wa zamani. Umbo la zamani halirudi, ila kazi hurudi. Ini lenye makovu ya homa ya ini au pombe halina ukarimu huo, na daktari hulazimika kuacha sehemu kubwa zaidi. Kongosho halioti tena. Kisha ni laini. Anayetaka kujua ulaini wake na achukue kipande cha halua ya Wete, ajaribu kukishona na mpira wa baiskeli bila ya kupitisha tone la maji. Na tone lenyewe si maji, ni maji makali yaliyoumbwa kuyeyusha nyama na mafuta. Yakivuja hayabagui nyama ya kuku na nyama ya mwenye tumbo.

Dar es Salaam bilirubini yake ilikuwa mikromoli 380 kwa lita, juu sana. Panapowezekana, mgonjwa ambaye manjano yake hayajapanda mno hupasuliwa moja kwa moja, kwa sababu kuweka stenti (kijibomba cha kupitishia nyongo) kwanza huongeza maambukizi. Lakini yeye alikuwa amevuka kiwango hicho, na zamu ya upasuaji ilikuwa baada ya wiki nne. Basi wakamshusha kamera mdomoni, wakapitisha kijibomba cha plastiki kwenye mrija, wakachukua na kinyama cha kupima. Kuwashwa kukaisha siku ya tatu. Gunzi akalitupa. Wiki mbili baadaye stenti ikaziba, akapata homa na kutetemeka, akalazwa kwa dawa za mishipa, ikabadilishwa. Sisemi stenti ilikuwa kosa. Nasema ilikuwa bei ya kusubiri, na ni vizuri mgonjwa ajue kwamba homa na kutetemeka akiwa na stenti si malaria ya kungojewa kesho.

Karatasi ya ruhusa

Majibu ya kinyama yalisema kansa. Daktari aliwaambia watoto, na watoto wakakubaliana kabla hawajatoka mlangoni: baba asiambiwe. Ataambiwa ni kijiwe. Mtoto mkubwa alitia saini karatasi ya operesheni. Mimi nilikuwepo na nikanyamaza. Hilo ni kosa langu la pili katika kisa hiki, na la kwanza lilikuwa dogo kuliko hili.

Kwetu kuficha si hila, ni huruma. Mtu mzima akiambiwa "kansa" huonekana kama ameshasomewa hukumu, na hakuna mtoto anayetaka kuwa ndiye aliyeisoma. Wapo pia wagonjwa wasiotaka kuambiwa, na hiyo ni haki yao. Lakini hapa hakuna aliyemuuliza yumo katika kundi gani.

Siku mbili kabla ya operesheni alikuja muuguzi wa wodi kumfundisha kupumua kwa nguvu na kukohoa huku amekumbatia mto, mazoezi ya kulinda mapafu. Akamuuliza, kama inavyotakiwa, "Mzee, umeelezwa utafanyiwa nini?"

"Wananitoa kijiwe."

Yule dada hakumsahihisha, wala hakumwambia uongo. Alimaliza somo lake la kupumua, akatoka, akampigia daktari.

Asubuhi yake daktari alivuta kiti, akakaa. Watoto wawili walikuwepo, na mimi. Akasema, "Mzee wangu, nina maelezo marefu kuhusu tumbo lako. Wapo wanaopenda kuyasikia yote, na wapo wanaopenda nimwambie mtoto. Wewe ni yupi?"

Ami alitutazama mmoja mmoja. Nadhani hapo ndipo alipojua. "Tumbo langu. Nambie miye."

Akaambiwa. Daktari hakulizunguka neno. Kisha akamweleza kwamba tumbo likifunguliwa huenda akakuta kansa imerukia kwenye ini au kwenye ngozi ya ndani ya tumbo, mambo madogo ambayo siti skani haiyaoni, na hapo kukata hakuna faida. Huenda akakuta imeshikamana na mishipa mikubwa ya damu iliyo nyuma ya kongosho, ile inayolisha matumbo. Au akakuta njia ni nyeupe, na hapo ndipo itafanyika operesheni yenyewe. Katika kila wagonjwa 100 wa kansa ya kongosho, ni kama 15 hadi 20 tu wanaofika ikiwa bado inakatika; ya kwenye mdomo wa mrija, kama yake, huziba mapema na kujitangaza ingali ndogo, ndiyo maana yeye anapewa nafasi hii.

"Ukifungua ukaona haifai, utanifunga vivi hivi?"

Katika miaka yangu ya kazi sijamsikia mgonjwa akiuliza swali la maana zaidi ya hilo. Daktari alijibu kwamba hatamfunga vivi hivi. Atachukua utumbo mwembamba auunganishe na mrija wa nyongo juu ya kizuizi, na tumbo nalo alipe njia ya kando, ili manjano yasirudi na chakula kipite hata kivimbe kikikua. Hiyo haiponyi. Inampa mtu miezi ya kula na kulala bila ya kujikuna.

"Na watu kama mimi, wangapi wanarudi nyumbani?"

Daktari akasema kwamba kwenye spitali za dunia zinazofanya operesheni hizi kwa wingi, kati ya wagonjwa 100 hufa chini ya 5. Miaka ya 70 walikufa hata 20 na zaidi. Karibu nusu hupata tatizo hili au lile, na wengi wao hulivuka. "Lakini hizo ni hesabu za wengine. Hii ni yangu." Akamtajia hesabu yake mwenyewe: aliowafanyia, waliotoka, wasiotoka. Siiandiki hapa kwa kuwa si yangu. Nitasema tu kwamba haikuwa nzuri kama ya vitabuni, na kwamba ami alimwamini zaidi baada ya kuisikia. Spitali inayofanya nyingi huwa na matokeo bora, hilo limechunguzwa nchi baada ya nchi, kwa hiyo kumuuliza daktari "Ngapi umefanya, na hali zao vipi?" si utovu wa adabu.

Aliomba usiku mmoja. Akapiga simu Konde, akataja nani anadaiwa na nani anamdai, pishi ngapi za wachumaji hazijalipwa, mkarafuu upi wa mpakani ni wake na upi ni wa jirani. Akazungumza na mkewe peke yake, sisi tukatoka. Akasali istikhara. Asubuhi alitia saini mwenyewe, chini ya saini ya mwanawe iliyopigwa mstari.

Bado tunabishana nyumbani kuhusu siku ile. Mtoto mkubwa anasema baba hakulala usiku huo, na ni kweli. Mimi namjibu kwamba mtu aliyelala akidhani anatolewa kijiwe, akazinduka na mipira minne mwilini na mshono wa toka mbavuni hadi kitovuni, hatomwamini tena anayemwambia kohoa, simama, tembea. Na ami alipaswa kutembea siku ya pili.

Siku ya tano

Njia ilikuwa nyeupe. Operesheni ilichukua saa sita na ushei. Binamu wawili walishatoa damu siku iliyotangulia. Ilitumika chupa moja.

Mishono mikubwa ilikuwa mitatu: kongosho kwa utumbo, mrija wa nyongo kwa utumbo, tumbo kwa utumbo. Wa kwanza ndio unaokosesha watu usingizi. Hapa pana kinaya ambacho familia ilipata tabu kukielewa: kongosho lililougua muda mrefu hukakamaa, na kongosho gumu linashika uzi. La ami lilikuwa zima na laini, na mrija wake mwembamba. Lililo zima ndilo linalovuja.

Likavuja. Siku ya tano maji yanayotoka kwenye mpira wa upande wa kulia wa tumbo yaligeuka rangi, yakapimwa, amilesi, kisaga chakula kitokacho kwenye kongosho, ikawa juu mara nyingi kuliko ya kwenye damu. Homa ikapanda. Ndugu walitaka arudishwe chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Daktari alikataa, na alikuwa sahihi: muda mpira unatoa maji yote nje na mgonjwa hajachafuka damu, mvujo mwingi hujifunga wenyewe. Walimpa dawa za kuua wadudu na chakula cha mpira kilichopitishwa mbele ya mishono, wakasubiri. Tumbo nalo liligoma kushusha chakula kwa siku kumi, jambo la kawaida baada ya operesheni hii, ila aliye kitandani halioni la kawaida. Alitoka siku ya 27, mpira mmoja bado uko ubavuni. Ulitolewa wiki iliyofuata.

Majibu ya maabara: kansa ya mdomo wa mrija, kingo safi, tezi moja kati ya 15 ina kansa. Kwa ajili ya tezi hiyo moja alipewa kemotherapia miezi sita. Viganja viliwaka, mdomo ulichubuka, akamaliza.

Suala la nguruwe

Hili limeandikwa kidogo mno kwa Kiswahili, nami nitalikalia.

Kongosho lililobaki halitoi maji ya kutosha ya kusaga chakula. Wiki za mwanzo nyumbani ami alikula vizuri na akazidi kukonda. Choo kilikuwa kingi, kinang'aa, kinaelea, kinanuka vibaya: mafuta yanapita kama yalivyoingia. Dawa yake ni vidonge vya vimeng'enya, yaani visaga chakula, na vimeng'enya hivyo hutolewa kwenye kongosho la nguruwe.

Mfamasia mmoja alimwambia wazi kabla hajamuuzia, na namshukuru mpaka leo. Ami alivirudisha vidonge kwenye meza. Wiki mbili hakuvitumia, akapungua kilo tatu. Mwisho akaenda kwa sheikh wake, na mimi nikafuatana naye ili nieleze upande wa tiba. Sheikh aliuliza mambo mawili tu: ipo nyengine inayofanya kazi hiyo hiyo? Na asipotumia atadhurika? Nikajibu kwamba sijui mbadala wa kumtosha, na kwamba atadhurika, ndiyo tunavyomuona anavyodhurika. Akamsomea aya ya 173 ya Suratul Baqara, ya mwenye kulazimika bila ya kutamani wala kupita kiasi. Ami akaanza siku hiyo.

Nilimwambia pia, nikiona haya, kwamba sindano za tumboni alizochomwa kila jioni wodini kuzuia damu isigande miguuni, heparini, nazo zinatokana na matumbo ya nguruwe. Hakuna aliyemuuliza. Ipo dawa ya kutengenezwa maabara isiyotokana na mnyama, ila pale haikuwepo, na kuacha kumchoma kungeweza kumuua kwa donge la damu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mngeniuliza ningekubali. Mngeniuliza lakini."

Vidonge vina adabu zake. Humezwa na tonge za mwanzo, si kabla, si baada ya kula. Hutumii na chai ya moto, maana moto unaviua vimeng'enya. Maji ya kawaida yanatosha. Mlo wenye nazi unataka zaidi ya mlo wa ndizi za kuchemsha. Ami hutumia viwili vya uniti 25,000 kwa wali wa nazi na kimoja kwa kitafunio, na amejifunza kupandisha na kushusha kwa kutazama choo, yeye ambaye alikuwa hatazami. Pweza anakula. Sukari hupimwa kila miezi mitatu, kwani insulini nayo hutoka kwenye kongosho hilo hilo lililopunguzwa. Hadi sasa imesimama pembezoni tu.

Karatasi nyengine

Umepita mwaka na miezi minne. Mikarafuu hapandi tena. Anakaa barazani anachambua. Siti skani ya mwisho ilikuwa safi, ya pili yake ni baada ya miezi sita.

Kinachomkera ni kuulizwa kila kituo anachokwenda "Ulikatwa nini?" na kila akieleza wanaandika ini. Kwa hiyo aliniomba nimwandikie karatasi moja, nikaipitisha kwa daktari wake, tukaitia plastiki. Inasema hivi:

"Ini lake halikukatwa. Ametolewa kichwa cha kongosho, utumbo wa mwanzo, kipande cha chini cha tumbo, mwisho wa mrija wa nyongo na kifuko cha nyongo. Msikitafute kwenye ultrasaundi. Hewa kidogo ndani ya mirija ya nyongo ni kawaida kwake. Akija na homa, kutetemeka au manjano, mirija ya nyongo huenda imeambukizwa: apimwe damu, aanze dawa na apewe rufaa siku hiyo hiyo. Apimwe sukari. Vimeng'enya visikatizwe akilazwa. Muulizeni rangi ya choo."

Ameikunja ndani ya mkebe wa tambuu pamoja na vidonge. Mara ya kwanza kuitoa alikuwa amekwenda Wete kung'olewa jino. Aliyempokea aliisoma yote, juu hadi chini, na ami akarudi akinilalamikia kwamba ameulizwa rangi ya choo na daktari wa meno.